Hisa moja kuwa kumi: je, nimetajirika?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Newala. Nina hisa 40 za kampuni moja iliyoorodheshwa sokoni, na bei ya hisa moja sasa ni Sh 6,000. Kampuni imetangaza kwamba kila hisa itagawanywa kuwa kumi. Wenzangu wananipongeza, lakini sielewi kampuni inanufaika nini, wala kama niuze kabla ya siku hiyo au nisubiri.

Jibu: Mwalimu, pongezi hizo zimekuja mapema. Leo hisa zako 40 zina thamani ya Sh 240,000. Baada ya mgawanyo utakuwa na hisa 400, na bei itaanzia karibu na Sh 600 kila moja, kwa hiyo jumla inabaki ileile. Gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wanahisa, nalo hugawanyika: kama ulikuwa ukipata Sh 300 kwa kila hisa, utapata Sh 30, na mkononi zitafika Sh 12,000 kama zamani. Sehemu yako ya umiliki haibadiliki, kwa kuwa wanahisa wote wamezidishiwa kwa kiwango kimoja.

Kinachobadilika ni nani anayeweza kununua. Kwenu korosho za mnadani huuzwa kwa tani, na mwenye mtaji mdogo hana nafasi pale. Zikifungwa kwenye pakiti na kuuzwa stendi, hata abiria mwenye chenji anakuwa mteja. Hisa ya bei nafuu hufungua mlango kwa namna hiyo, na wanunuzi na wauzaji wakiwa wengi inakuwa rahisi kuuza siku unapohitaji fedha. Mfano huu una kasoro moja, kwamba pakiti huwa ghali kwa kilo kwa sababu ndani yake kuna kazi ya kubangua na kufunga, ilhali kugawanya hisa hakuongezi kazi yoyote wala faida yoyote kwenye kampuni.

Jirani zetu wa Kenya wameyaona haya: benki ya KCB iligawanya kila hisa kuwa kumi mwaka 2007, na Equity ikafanya vivyo hivyo mwaka 2009. Huko Marekani, Apple iligawanya hisa moja kuwa nne mwezi Agosti 2020, na bei ikashuka kutoka takriban dola 499 hadi karibu dola 125 bila mwenye hisa kupoteza chochote. Kwa kampuni ya aina hiyo kulikuwa na jambo jingine, kwani kipimo cha Dow Jones, kinachofuatilia bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, hupima kampuni kwa bei ya hisa moja, si kwa ukubwa wake, na hivyo uzito wa Apple ndani ya kipimo hicho ulipungua siku hiyohiyo.

Mara nyingi bei hupanda tangazo linapotolewa. Wengi hudhani mgawanyo ndio uliosababisha, ingawa kwa kawaida kampuni hugawanya hisa baada ya bei kupanda kwa muda mrefu, na uongozi unapofanya hivyo huashiria kwamba hautarajii bei kuporomoka karibuni. Kwa maoni yangu, ishara hiyo ndiyo inayosukuma soko, na ni dhaifu kuliko hesabu za faida.

Kwa hiyo usiuze wala usinunue kwa sababu ya mgawanyo peke yake. Ada ya dalali kwetu hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya mauzo, hivyo wingi wa hisa hautakuongezea gharama. Ila kama umeacha oda ya kuuza kwa bei ya zamani, mpigie dalali wako kabla ya tarehe ya mgawanyo, kisha baadaye hakikisha akaunti yako ya CDS, yaani ile inayotunza kumbukumbu za hisa zako kielektroniki, inaonyesha hisa 400.

Jihadhari zaidi ukisikia kinyume chake, yaani hisa kumi kuunganishwa kuwa moja, kama Citigroup ilivyofanya mwaka 2011 bei yake ilipokuwa chini ya dola 5. Hesabu ni ileile, lakini kampuni inayofika hapo mara nyingi huwa imetoka kwenye matatizo, na hapo ndipo ningekushauri usome taarifa zake za fedha kwanza.