Maswali na Majibu: Mchoro wa Nyaya za Jeep Huanza na Namba ya Chasisi

Naomba unitumie mchoro wa nyaya wa Jeep. Ni ya petroli. (Msomaji, Arusha)

Ombi hili hunifikia mara kwa mara, na kila mara linakosa kitu kilekile. Jeep ni jina la chapa. Chini ya chapa hiyo zimetengenezwa Wrangler, Cherokee, Grand Cherokee, Compass, Renegade na nyinginezo, na ndani ya kila jina mna vizazi ambavyo nyaya zake hazifanani. Chukua Grand Cherokee peke yake: ya 1998 hutumia nyaya mbili kupitisha mawasiliano baina ya kompyuta zake, ilhali ya 1999, ambayo ni kizazi kipya, hutumia waya mmoja tu. Fundi aliyeshika mchoro wa mwaka uliotangulia atautafuta waya wa pili hadi jua lizame.

Soma namba ya chasisi, yenye herufi na tarakimu 17. Katika Jeep zilizoundwa Marekani, alama ya nane hutaja injini na ya kumi hutaja mwaka wa modeli: A ni 2010, B ni 2011, C ni 2012. Usiutegemee mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari, kwa kuwa si lazima ulingane na mwaka wa modeli. Wasomaji wanaoomba mchoro bila kunipa alama hizo mbili wanapoteza muda wao, na wanaoupokea mchoro wowote wanaotumiwa na rafiki wanahatarisha gari.

Nina Cherokee ya 2005, dizeli ya 2.8. Michoro ya Cherokee ninayoiona inaishia 2001. Je, gari langu ni bandia? (Msomaji, Nairobi)

Si bandia. Cherokee ile yenye umbo la sanduku ilikoma 2001, na gari lililoirithi likauzwa Amerika Kaskazini kwa jina la Liberty kuanzia modeli ya 2002, huku nje ya huko likiendelea kuitwa Cherokee. Tafuta mchoro wa Liberty ya 2005 yenye injini yako, maana Wamarekani nao waliuziwa dizeli hiyo. Ila usukani wako uko kulia, kwa hiyo kurasa zinazoonyesha mahali zilipo plagi chini ya dashibodi zitakupotosha. Kwa hizo, tafuta kitabu cha magari yaliyouzwa nje.

Wenye Grand Cherokee ya dizeli 3.0 ya kizazi cha 2005 hadi 2010 nao wazingatie: injini hiyo ni ya Mercedes-Benz, kwa sababu Chrysler, iliyotengeneza Jeep, ilikuwa imeungana na Daimler, mwenye Mercedes-Benz, injini hiyo ilipoanza kufungwa, na mchoro wa injini ya petroli hauwahusu.

Kwenye mchoro nimekuta maandishi "A2 18 LB/YL". Yana maana gani? (Msomaji, Mombasa)

Hili ni swali la mtu anayetaka kujua, na ninalijibu kwa moyo mmoja. Katika vitabu vya Chrysler vya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, herufi ya kwanza hutaja kazi ya waya. A ni umeme unaotoka kwenye betri, F ni umeme uliopita kwenye fyuzi, K ni kompyuta ya injini, L ni taa za nje, M ni taa za ndani, X ni redio, na Z ni nyaya za hasi zinazorudi kwenye bodi. Tarakimu 2 hutaja ni tawi lipi la njia hiyo. Kisha 18 ni unene kwa kipimo cha Marekani, ambacho huenda kinyume na matarajio: namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba, hivyo 12 ni mnene kuliko 18. LB ni rangi ya buluu mpauko, na YL ni mstari wa njano juu yake. Tazama vyema BK na BR, kwani ya kwanza ni nyeusi na ya pili ni kahawia, na juu ya waya uliochakaa rangi hizo mbili hukaribiana mno.

Anza uchunguzi na nyaya za Z. Washa kifaa chenye hitilafu, kisha upime volti kati ya hasi ya kifaa hicho na hasi ya betri. Ikizidi sana 0.1, safisha pale waya unapofungwa kwenye bodi kabla hujanunua spea yoyote. Kipimo cha ohmu hakitoshi, kwa sababu waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima utaonekana mzima maadamu haujabebeshwa mzigo.

Fyuzi ya ampea 20 inaungua kila siku. Niweke ya 30? (Msomaji, Mwanza)

Hapana. Fyuzi hulinda waya, na ukiiongeza, utakaoungua ni waya.

Grand Cherokee yangu ya 2011 inazimika njiani, na wakati mwingine stata inazungusha bila injini kuwaka. Fundi anataka kubadilisha pampu ya mafuta. (Msomaji, Columbus, Ohio)

Mzuie kwanza. Katika gari hilo rilei ya pampu (swichi inayoendeshwa kwa umeme) imeunganishwa kwa risasi ndani ya kisanduku cha TIPM, kinachogawa umeme wa gari, kilicho chini ya boneti, na mwaka 2014 Chrysler iliyaita Grand Cherokee za 2011 zirudi kwa mawakala ili zifungiwe rilei ya nje, kwa kuwa ile ya ndani ilikuwa ikiharibika. Kwa kuwa uko Marekani, ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya huko, uone kama kazi hiyo ilifanyika. Kama haikufanyika, ni bure kwa wakala.

Kama ilishafanyika, pimeni volti kwenye plagi ya pampu wakati stata inazungusha. Umeme ukifika kamili na hasi ikiwa nzima, pampu imekufa. Usipofika, pampu mpya haitasaidia. Msikubali kamwe kuivutia pampu waya wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, desturi niliyoiona kwa mafundi wengi: baada ya ajali kompyuta hukata umeme wa pampu, na waya huo utaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto.

Ni Jeep ipi ambayo fundi wa kawaida anaweza kuimudu nyaya zake? (Msomaji, Tanga)

Wrangler ya 1997 hadi 2006 yenye injini ya 4.0. Kabla ya kulipa, inua mazulia: ukikuta nyaya zimeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe, liache gari hilo.