Reli au mabasi kwa foleni ya Dar? Neno la konda wa zamani

Mkuu, umeuliza mawili kwa mpigo. La kwanza, kwamba hela iliyozama kwenye mwendokasi, yale mabasi ya haraka yenye njia yake, ingejenga reli ya mjini na foleni ingekwisha. La pili, kwa kuwa unaamini reli ndiyo inayokuja, uhamie Pugu kwenye reli au ubaki Mbezi ya barabara ya Morogoro, kazi yako ikiwa Posta, katikati ya mji. Waliotangulia wamekujibu kwa ushabiki wa Simba na Yanga. Mimi nilishika mlango wa daladala njia ya Gongo la Mboto miaka ya kabla ya mwendokasi, baadaye nikapanga Kimara, na sasa nauza vipuri mtaa wa Gerezani huku nikilala upande wa Pugu. Vyombo vyote mnavyobishania nimevipanda, na msimamo wangu ni kwamba mtu wa Dar anachelewa zaidi akiwa amesimama kituoni kuliko akiwa ndani ya chombo. Hela yoyote isiyopunguza kusubiri, iwe ya reli au ya lami, itatuacha palepale.

Nianze na daladala, maana ndiko nilikosomea. Gari likitoka alfajiri linatoka na deni: hesabu ya tajiri, yaani hela ya kila siku ya mwenye gari, mafuta, na kinachobaki ndicho chenu wewe na dereva. Kwa hiyo saa nne asubuhi, watu wakiwa wachache, gari linalala kituoni likisubiri kujaa, na aliyekwisha kukaa ndani anaiva kwa joto. Jioni watu ni kibao na foleni imeshika, dereva anaona kwenda mpaka mwisho wa njia ni kupoteza tripu, anakata ruti katikati ya njia, pale Ukonga Mombasa, na kugeuza. Nimewashusha watu pale wakanitukana mpaka ukoo, na walikuwa na haki. Abiria naye amejifunza ujanja wake: anayetaka siti ya kwenda Gongo la Mboto anapanda gari linaloingia mjini, analipa, anageuza nalo. Nauli mbili kwa safari moja, na nusu saa imeshakwenda kabla safari haijaanza. Nusu saa hiyo huioni ukihesabu magari barabarani, lakini kwa mtu asiye na gari hiyo ndiyo foleni yenyewe.

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, Kimara mpaka Kivukoni na matawi yake ya Gerezani na Morocco, nilikuwa Kimara Korogwe. Kilomita 21 hivi za njia ambayo gari jingine halitakiwi kuingia. Safari iliyokuwa ikinila saa mbili ikashuka chini ya saa moja, kwa Sh 650. Leo watu wanaongea kana kwamba mradi ule ulioza tangu siku ya kwanza. Hapana. Ulifanya kazi, tena sana, na jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018. Kilichofuata ni kwamba yale mabasi 140 ya kuanzia, pamoja na yaliyoongezwa baadaye, hayakwenda sambamba na watu. Karakana nayo iliwekwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, mahali ambapo mtoto wa mtaa wa Kigogo angekwambia maji yanafika wapi kila masika. Basi lililooga mafuriko halirudi kuwa basi lile lile. Mimi nauza vipuri, mkuu, najua bei ya uzembe.

Sasa nenda Kimara Mwisho saa kumi na mbili na nusu asubuhi uangalie vitu viwili kwa wakati mmoja. Watu wamefurika kituoni mpaka kwenye ngazi. Mbele yao, njia ya basi iko tupu, zege linang'aa. Njia ipo, basi hakuna. Mbagala ilikuwa mbaya zaidi: njia za katikati ya barabara ya Kilwa na vituo vyake vilikaa vikingoja mabasi muda mrefu, mpaka huduma ilipoanza 2025. Wala usiniambie waingize daladala humo kwa muda. Vituo viko katikati ya barabara na vimeinuliwa, kwa hiyo milango ya basi lake iko kulia na sakafu yake iko juu. Daladala mlango wake uko kushoto, abiria angeruka kwenye njia ya gari linalokuja.

Tupige hesabu ya haraka. Basi refu, lile la kuunganisha, tulipe watu 140. Likipita moja kila dakika, umepeleka watu 8,400 kwa saa kwa upande mmoja. Likipita kila dakika 10, ni 840. Zege ni lile lile na mkopo ni ule ule. Njia moja ya magari madogo, hata isiwe na taa wala trafiki, haipitishi zaidi ya magari 2,000 hivi kwa saa, na mengi yana mtu mmoja ndani na koti limetundikwa nyuma. Bogotá, Colombia, mabasi ya TransMilenio yamefika zaidi ya watu 40,000 kwa saa upande mmoja, kwa sababu basi la haraka linaweza kulipita lililosimama kituoni. Awamu yetu ya kwanza, hiyo ya Kimara, nayo ilijengewa nafasi hiyo ya kupitana. Tumejenga bomba kubwa tukalifungulia nusu ya koki.

Treni je? Naipenda treni, nisieleweke vibaya. Oktoba 2012, Dk. Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, zilianza safari za Stesheni mpaka Ubungo Maziwa, na upande wa TAZARA, reli ya kwenda Zambia, mpaka Mwakanga, na mpaka leo wakongwe wanasema "treni ya Mwakyembe". Baadaye ikaja ya Pugu, ndiyo ninayoipanda mimi. Ukiipata, ni raha: Karakata unawaona wenye magari wamejipanga barabara ya Nyerere, wewe unapita na upepo wako dirishani. Ukiikosa, siku imeharibika, maana hakuna nyingine inayokuja baada ya dakika tano. Treni moja ya watu 1,000 kila saa inabeba sawa na basi refu moja kila dakika nane au tisa. Hapo ndipo wapenda reli wengi wanapojidanganya: wanaona urefu wa mabehewa, hawaangalii muda kati ya treni na treni.

Na huwezi kuziongeza tu kwa kuamuru. Ile reli ya zamani ni njia moja, treni mbili zikikutana lazima moja ikae pembeni kwenye njia ya kupishana. Ni reli hiyo hiyo inayobeba mizigo na abiria wa bara. Halafu inakatiza barabara kwa mageti. Ukileta treni kila dakika 10 kila upande, geti la Buguruni litakuwa linafungwa kila baada ya dakika chache, na foleni uliyotaka kuiondoa umeitengenezea nyingine. Ili treni ya mjini iwe treni kweli, unahitaji njia mbili, madaraja kwenye kila geti, na vichwa vya treni vya akiba. Kuna kichekesho kingine ambacho wengi hawakijui: tuna reli tatu mjini na hakuna hata mbili zinazolingana. Ya kati, hiyo ya zamani, ina upana wa milimita 1,000, TAZARA 1,067, na SGR, ile mpya ya umeme, 1,435. Kichwa cha huku hakiwezi kuhamia kule kusaidia, hata kama upande mmoja wamelala na mwingine wamezidiwa.

Najua mtaniletea SGR. Tangu 2024 imetuharibu akili, kwa wema: Morogoro Juni, Dodoma Julai, umeme, kilomita 160 kwa saa, na mjini inapita juu bila kumsubiri mtu getini. Kituo cha Pugu kipo. Lakini kati ya Stesheni na Pugu haisimami popote. Mtu wa Vingunguti, Kipawa au Ukonga ataiona ikimpita kichwani. Mimi mwenyewe kufika kituoni ni boda ya buku mbili, na nikishuka Stesheni kama kazi iko Kariakoo naanza tena kutafuta usafiri. Kwa mtu wa Chanika anayekwenda Posta, treni ya asubuhi na jioni kwenye reli ile ingekuwa neema, wala sipingi. Ila ni neema ya watu wachache.

Angalia na ramani. Jiji hili limekua kwa kufuata barabara nne: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Reli ya kati inaambatana na moja tu kati ya hizo kwa maana halisi, na TAZARA inachepukia Yombo. Tegeta haina reli, Mbagala haina, Kimara haina. Kuzipelekea reli maana yake ni X nyekundu ukutani, na waliobomolewa Kimara kwenda Kiluvya 2017 watakueleza ladha yake. Basi linapata nafasi katikati ya barabara iliyopo. Na mkiniuliza kuhusu Addis Ababa, treni zao za umeme za mjini zilizinduliwa 2015 kwa mbwembwe zote, nyingi zikaja kusimama kwa kukosa vipuri. Ugonjwa ule ule wa mabasi yetu, ila kipuri cha treni hukikuti Gerezani.

Kupanua barabara sitaki kukuzungushia maneno. Daraja la Mfugale lilipofunguliwa 2018, makutano ya TAZARA yalipumua kweli, halafu nikaanza kuikuta foleni mbele, kwenye taa za Veta. Daraja la Kijazi Ubungo 2021, hadithi ile ile. Madaraja ya makutano yanasaidia, hata basi linanufaika, lakini njia nane za Kimara mpaka Kibaha zimewashawishi watu kujenga mbali zaidi na kuja na gari kila siku. Mjini hakujapanuka. Barabara ya Samora ni ile ile.

Kwa hiyo hela ikiwa moja, mimi ningeanza na mabasi ya kutosha kwenye njia zilizokwisha kujengwa, karakana isiyo bondeni, na mwendeshaji anayelipwa kwa kilomita alizoendesha kwa ratiba. Akilipwa kwa idadi ya abiria aliobeba, umerudisha hesabu ya tajiri kwa mlango wa nyuma, na basi litalala kituoni kusubiri lijae kama mimi na dereva wangu tulivyokuwa tukifanya. Boda na mashangingi yaondolewe kwenye njia ya basi, ya serikali yawe ya kwanza. Kisha reli ya Pugu ipewe njia ya pili na madaraja ya mageti, hapo tutaongea kuhusu treni.

Kuhusu nyumba. Usihamie Pugu kwa sababu ya reli peke yake. Hamia kama utapata nyumba ambayo kwa miguu unafika barabara kuu na stesheni, maana huku angalau una daladala, una treni, na awamu ya 3 ya mwendokasi mwisho wake ni Gongo la Mboto, utaunganisha hapo. Mbezi una njia moja tu. Ikikwama Jangwani kwa mvua, umekwama nayo. Lakini kabla hujatoa kodi ya miezi sita, lala huku kwa ndugu au rafiki siku ya katikati ya wiki, ikiwezekana wakati wa mvua, utoke saa kumi na moja na nusu uende kazini kama mkazi. Pima dakika ulizosimama, tofauti na dakika ulizosafiri. Zikizidi za Mbezi, baki ulipo. Dalali akikwambia "treni hiyo hapo", muulize ya saa ngapi, na nyingine inakuja saa ngapi.