Usiilipie hiyo Datsun kabla hujalala chini yake

Ndugu yangu unayetaka kutuma malipo ya awali ya Datsun 240Z, lile gari la kasi la zamani la Kijapani, iliyoko Tanga kwa sababu picha zake zinang'aa, tafadhali iweke simu chini kwanza. Umeuliza wapi utapata kabureta, matairi ya saizi gani yanafaa, na kama fundi wa hapa Tabora ataiweza injini ile. Injini isikunyime usingizi: ni silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili, kompyuta hakuna, na fundi mzoefu ataielewa kabla chai yake haijapoa. Cha kuogopa ni kutu iliyojificha chini ya rangi.

Mimi nilinunua gari la namna hiyo hiyo mwaka 2016, kwa maneno matupu ya dalali. Aliniimbia ushindi wa 240Z kwenye mbio za Safari Rally wa 1971 na wa 1973, ambao ni kweli kabisa, ila gari lililoshinda si lile alilokuwa akiniuzia. Aliapa kwamba limelala gereji miaka yote. Hakusema kwamba gereji yenyewe ilikuwa hatua chache kutoka baharini. Likashuka kwenye lori likiwa na rangi ya embe lililoiva, watoto wakalishangilia, nami nikatembea kifua mbele kwa siku nne.

Siku ya tano niliweka jeki kwenye kizingiti cha chini ya mlango wa dereva. Jeki ikapanda, gari likabaki pale pale. Nilipoinama nilikuta kichwa cha jeki kimezama ndani ya bodi, na pembeni yake vinaning'inia vipande vya puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi kabla ya rangi, vyenye unene wa kidole, wavu wa banda la kuku, na kurasa za gazeti zilizopakwa rangi. Gazeti lenyewe lilikuwa la mwezi uliotangulia.

Sisi tuliozoea Land Rover hudhani kila gari lina chasisi yake, na bodi imefungwa tu juu kwa bolti. Kwenye 240Z bodi yenyewe ndiyo chasisi, kwa hiyo vizingiti na sakafu vikishaliwa na kutu, kazi iliyobaki ni kukata na kuchomelea. Fundi wangu, ambaye sitamsamehe hata akiniletea debe la asali, alikata vizingiti vyote viwili bila kwanza kuchomelea vyuma vya kushikilia nafasi za milango. Bodi ikabonyea katikati, milango ikagoma kufunga, naye akanishauri niwe naisukuma kwa goti! Kuinyoosha upya kulikula fedha nyingi kuliko bei ya gari, na ile rangi ya embe ikakwanguliwa yote.

Panda basi uende Tanga mwenyewe, ukiwa na bisibisi na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Isiponasa, hapo hakuna bati, ni puti. Ipitishe kwenye vizingiti, nyuma ya magurudumu ya mbele na ukingoni mwa mlango wa nyuma. Kisha inua mazulia, chungulia chini ya kibao cha betri ambako asidi hudondoka, lala chini ya gari na uchome kwa bisibisi kila unapopatilia shaka. Mwenye gari akikukataza, mshukuru, ukakate tiketi ya kurudi.

Langu bado liko chini ya mwembe. Kuku wa jirani ametaga kwenye kiti cha abiria, na hadi leo ndiye pekee aliyepata faida kwenye biashara ile, baada ya dalali.