Kaka, kwenye skrini ilikuwa poa

Wadogo zangu, siku hizi nahariri video za harusi kuliko ninavyoshuti, kwa hiyo madhambi yenu yote yanaishia mezani kwangu. Bibi harusi hana sura. Shela imeungua mpaka maua yake hayaonekani. Mwenyekiti wa kamati anaserebuka, mikono inakatakata kama kuku aliyemwagiwa maji. Nikimpigia mhusika kumuuliza, jibu ni lile lile: "Kaka, kwenye skrini ilikuwa poa." Na begi la huyo huyo lina gimbo la kutuliza kamera, taa tatu na droni ya kuazima. Nawapenda, ila mnanizeesha.

1. Kabla ya gimbo, nunua ND, kioo cheusi cha kuvalisha lenzi ili kupunguza mwanga. Mnashuti fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) inatakiwa 1/50 ya sekunde, hilo mnalijua hata usingizini. Sasa fanyeni hesabu ya jua la saa saba pale ufukweni: ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga) kwa shata ya 1/100 inataka f/16 (tundu la lenzi; namba ikikua, tundu linapungua), kwa hiyo ukiwa 1/50 unadaiwa f/22. Kwenye f/22 lenzi imeshapoteza makali, na ule ukungu laini wa nyuma ya mtu uliomwahidi mteja hauupati ng'o. Ndipo dogo anapandisha shata mpaka 1/1000, picha inakaa sawa kwa mwanga, halafu watu wanatembea kwa kushtuka shtuka. ND ya stopu sita (kila stopu inakata mwanga nusu) inakushusha kutoka f/22 hadi f/2.8 na shata haujaigusa. Ile ya kuzungusha ni nzuri, ila usiipeleke mwisho kabisa: inachora msalaba mweusi katikati ya anga. Nimeletewa harusi nzima ya Kigamboni yenye huo msalaba. Mteja alidhani ni ishara.

2. Kadi: gawa kwa nane, maana megabiti nane ni megabaiti moja. Kamera inayorekodi megabiti 28 kwa sekunde inahitaji megabaiti tatu na nusu tu, ya megabiti 100 inahitaji kumi na mbili na nusu, na kadi yenye alama ya V30 inakuhakikishia 30 kwa sekunde. Muuza duka asikutishe. Unachotakiwa kuogopa ni feki, kwa hiyo kadi mpya ijaze mpaka pomoni nyumbani, uangalie ulichorekodi, ndipo uende nayo kazini.

3. Batri kubwa mbili zinashinda ndogo tano. Tuendelee.

4. Skrini. Hapa kaeni chini, maana mwenye kovu ni mimi.

Ilikuwa send-off. Mchana tulitoka na bibi harusi kwenda kupiga picha baharini, jua kali, sioni kitu kwenye skrini, nikaingia kwenye menyu nikapandisha mwanga wa skrini mpaka mwisho. Mwanga wa skrini, siyo wa picha. Kofia ya kukinga skrini nilikuwa nayo, ipo kwenye begi, nilikuwa naona inanifanya nionekane mshamba. Jioni tukaingia ukumbini. Nafungua kamera, picha inang'aa kupita kiasi. Nikajisemea ukumbi huu una taa za maana, nikafunga airisi (lile tundu la lenzi) stopu mbili, na nikajiona fundi kweli kweli. Zebra, ile mistari inayotokea kwenye skrini palipofikia kiwango cha mwanga ulichoweka, nilikuwa nimezima kwa sababu zinanichafulia picha. Histogramu, grafu ya mwanga wa picha, sikuwa naitazama. Usiku mzima nikashuti hivyo: kuingia kwa bibi harusi, keki, shampeni, zawadi, na baba mtu akitoa nasaha huku analia, amevaa suti nyeusi, nyuma yake pazia la bluu iliyokolea.

Nikafungua kompyuta kesho yake. Giza. Kwa yule mzee kilichokuwa kinaonekana ni kola ya shati. Nikavuta mwanga kwenye kuhariri, na nyie mnajua picha ya biti nane, yenye ngazi chache za rangi, ikivutwa inakuwaje: chembechembe zikaanza kutambaa usoni, pazia likageuka vigae. Nikapunguza rangi, nikaongeza muziki, nikajipa moyo kwamba ni mtindo.

Nilipopeleka kazi, mama mwenye nyumba akasema tuangalie pamoja sebuleni. Familia nzima imekaa, soda imeletwa. Ilipofika hotuba ya baba, mama akageuka taratibu: "Mwanangu, kwani umeme ulikatika?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu, "Ndiyo mama, taa zilisumbua kidogo." Akanyamaza. Halafu mdogo wake bibi harusi, binti wa sekondari, akatoa simu yake. Hotuba ile ile, uso wa mzee unaonekana mpaka machozi. Salio la malipo sikulidai. Hotuba iliyobaki kwenye kazi ile ni ya simu ya yule binti, na nilimwomba kwa upole wa ajabu.

Basi: skrini iache kwenye mwanga wa kawaida, nje tumia kofia au weka jicho kwenye kitundu cha kuchungulia cha kamera, na washa zebra. Zebra inasoma kinachorekodiwa, haijali skrini umeifanya nini.

5. Gauni na uso. Ukiiacha kamera kwenye oto, inataka kila kitu kiwe kijivu cha kati. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, inafunga airisi, na uso unazama. Zebra ya 100 (asilimia ya mwanga) iweke kwa ajili ya gauni: mistari ikigusa bega kidogo chini ya taa, vumilia. Ile kanuni ya uso kwenye 70 wameiandikia ngozi nyeupe. Sisi wengi tunakaa chini ya hapo. Mimi huanzia 50 hadi 55 kisha namtazama mtu mwenyewe, maana bwana na bibi wanaweza kupishana stopu nzima. Ukimpandisha dada wa watu mpaka 70, umembadilisha rangi, na shangazi zake watakuambia.

6. Geini, yaani mwanga unaoongezwa na kamera yenyewe kwa umeme: kila desibeli 6 ni stopu moja. Ijue kamera yako inaanza kuchafuka wapi kabla hujaalikwa kazini. Taa za ukumbi zikipepesa, rudi 1/50 au 1/100, umeme wetu ni wa hezi 50. Ukuta wa LED nyuma ya jukwaa una mambo yake, ujaribu mapema MC akiwa bado anapima maiki.

7. Taa ya juu ya kamera ifunike na kitambaa cheupe, na usiisogeze kwenye meza ya wazee. Bibi mmoja aliniwekea kiganja kwenye lenzi akasema, "Mjukuu wangu, nina mtoto wa jicho, na hilo jua lako sijaliomba."

Mnaoniletea kadi Jumatatu, andikeni juu ya bahasha mlishuti kwa profaili gani ya rangi. Na kadi ije na faili zote. Kuna mtu ameniletea keki bila kanisa.