Dereva mpya Dodoma, pima upepo wa tairi kabla hujawasha gari

Ukisimama kwa fundi tairi, swali la kwanza ni "Niweke ngapi, bosi?" Ukimjibu "weka ya kawaida", umekwisha. Kawaida yake inaweza kuwa 40 kwa kila gari linaloingia pale, iwe Probox au Noah.

Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo pale mlango unapofungia. Kuna kibandiko. Kwenye gari zilizotoka Japani huwa kimeandikwa Kijapani, lakini namba ni namba. Ukikuta 220, hizo ni kPa, kipimo kimoja cha upepo, sawa na 32 kwa PSI, kipimo wanachotumia mafundi wetu. Ukikuta 250, ni PSI 36. Tazama ya mbele na ya nyuma, maana baadhi ya gari zinatofautiana. Namba iliyoko ubavuni mwa tairi lenyewe, 44 au 51 kwa matairi mengi ya gari ndogo, achana nayo. Hicho ni kikomo cha tairi. Halijui limefungwa kwenye gari gani.

Sasa neno lenyewe. Namba ya kibandiko ni ya tairi la baridi: gari limelala, au limesimama kwa muda wa saa tatu hivi bila kutembea. Hili mimi nililijua kwa hasara. Nilitoka Dodoma saa saba mchana, jua la Oktoba, nikaingia Manyoni lami ikiwa ya moto kama kikaango. Kijana akapima, geji ikasoma 38. "Bro, upepo umezidi," akapunguza hadi 32, na mimi namshukuru na hela nimempa. Alfajiri nikageuza nyumbani bila kupima. Kabla ya Bahi nikaona usukani unavuta kushoto, nikadhani ni upepo wa njiani. Tairi la nyuma kushoto likapasuka. Nilipolitoa, ubavu wake kwa ndani ulikuwa umesagika unga mweusi.

Kilichotokea ni hiki. Tairi likitembea linapata joto, hewa ndani inatanuka, geji inapanda PSI nne hadi sita. Ile 38 ilikuwa 32 yangu ya asubuhi, haina kosa lolote. Tulipoipunguza ikiwa ya moto, usiku ilipopoa ikashuka hadi kama 27. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila likizunguka, kujikunja kunaleta joto, na joto ndilo linalolipasua. Kwa hiyo ukipima njiani ukakuta imepanda, iache. Ukikuta iko chini ya kibandiko hata ikiwa ya moto, hapo una tatizo la kweli, ongeza.

Hata hali ya hewa inacheza na namba. Hesabu karibu PSI 1 kwa kila nyuzi joto 5 au 6. Ukijaza mchana wa Novemba, usishangae asubuhi ya Julai, na baridi yetu ile ya kuvaa koti, ukakuta imepungua bila pancha yoyote.

Ukipakia magunia Kibaigwa au ukijaza watu wa msibani, soma tena kibandiko. Vingine vina namba ya pili ya mzigo, na mara nyingi inayopanda ni ya nyuma. Kujaza kupita kiasi "ili lisipate pancha" ni hadithi za kijiweni. Tairi linakuwa gumu, linashika lami kwa katikati tu, na kwenye rasta za lami na makorongo ya njia ya vumbi utarushwa kama mahindi ya bisi.

Nunua geji yako. Ya kwenye kompresa imeangushwa sakafuni mara ngapi, hakuna anayejua. Kaa nayo garini, pima mara moja kila wiki mbili na kila siku ya safari. Tairi moja likipungua peke yake kila mara, lipake maji ya sabuni utafute povu. Huku kwetu mwiba wa mgunga unaweza kukaa ndani ya tairi mwezi mzima ukivujisha kidogo kidogo.

Na spea. Kama ni ile nyembamba iliyokuja na gari, kwa kawaida inataka PSI 60, si 32, na mwendo wake ni kilomita 80 kwa saa basi. Yangu siku ile ya Bahi ilikuwa na 15.