Maswali ya Wasomaji: Kusoma Historia ya Mtaa wa Maduka

SWALI: Nataka kuandika historia ya mtaa wa zamani wa maduka, lakini kila mkazi ana hadithi yake. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia mtaani penyewe, na utazame juu. Fremu za chini hubomolewa na kupambwa upya kila anapoingia mpangaji mpya. Ghorofa za juu huachwa zilivyo. Huko utakuta mwaka uliochongwa ukutani, jina la kampuni lililofifia, au boriti yenye ndoano chini ya paa, dalili kwamba palikuwa ghala na mizigo ilivutwa kwa kamba. Pima pia upana wa kila jengo upande wa barabarani. Nyumba hubomolewa, ila mipaka ya viwanja hurithiwa, kwa hiyo viwanja vyembamba vilivyorefuka kwenda nyuma mara nyingi vina umri mkubwa kuliko majengo yaliyo juu yake.

Kisha tafuta vitabu vya orodha ya wafanyabiashara, vile vilivyochapwa kila mwaka na kupanga maduka mtaa kwa mtaa. Chukua toleo moja kila baada ya miaka 5, ujaze jedwali: namba ya jengo, jina, biashara. Palipobadilika ndipo urudi kwenye matoleo ya katikati. Taarifa nyingi zilikusanywa kabla ya mwaka ulioandikwa kwenye jalada, hivyo kitabu cha 1900 huenda kinakuonyesha hali ya 1899.

Wengi hunaswa na namba. Miji kadhaa ilizipanga upya namba za nyumba, na asiyejua hilo humhamisha kinyozi ng'ambo ya barabara bila kinyozi kunyanyua hata kiti. Chagua jengo lisilohama, kama benki au nyumba ya ibada, ufuatilie namba yake katika kila toleo. Ikiruka ghafla, mtaa umepewa namba mpya. Jengo la kona usilitumie kwa kazi hii, kwani huweza kuandikwa chini ya mitaa miwili.

Kama mji wako ulichorewa ramani za bima ya moto, yaani zilizowaonyesha wenye bima kila jengo limejengwa kwa nini, una bahati. Zile za kampuni ya Sanborn, zilizoanza Marekani mwaka 1867, kwa kawaida huonyesha futi 50 kwa inchi 1: waridi ni matofali, njano ni mbao, buluu ni mawe, herufi S ni duka na D ni makazi. Hadithi za wakazi zisikilize baada ya hapo, ukiwa na jedwali mkononi.

SWALI: Kwa nini masoko ya jumla yaliondolewa katikati ya miji mikubwa? Ni chuki tu dhidi ya wachuuzi?

JIBU: Chuki haikukosekana, ila sababu kubwa ni usafiri na usafi. Smithfield, London, ng'ombe na kondoo waliswagwa barabarani hadi soko la mifugo lilipohamishwa mwaka 1855. Nyama yenyewe ilibaki: jengo jipya lilifunguliwa mwaka 1868, reli ikipita chini yake. Baadaye malori yakawa hayana pa kugeuzia. Soko la Les Halles la Paris lilihamia Rungis, nje ya mji, mwaka 1969, na soko la Covent Garden la London likahamia Nine Elms, mtaa mwingine wa London, mwaka 1974.

Kuhamisha kulieleweka. Kubomoa ni jambo jingine. Paris ilivunja mabanda ya chuma ya Les Halles, kazi ya msanifu majengo Baltard, likanusurika moja lililohamishiwa mji jirani wa Nogent-sur-Marne. London iliacha jengo la Covent Garden la 1830, na leo limejaa maduka. Kwa maoni yetu Paris ilipoteza zaidi ya ilichopata.

SWALI: Madirisha makubwa ya vioo yalianza lini kwenye maduka?

JIBU: Uingereza yalienea katikati ya karne ya 19, kodi ya vioo ilipofutwa mwaka 1845 na ya madirisha mwaka 1851. Kabla yake vilipangwa vipande vidogo ndani ya fremu za mbao. Wenye maduka walitaka mwanga kiasi kwamba Regent Street iliondoa nguzo na baraza lake mwaka 1848, moja ya malalamiko yakiwa giza. Ukikuta duka lenye vioo vidogo usikimbilie kusema ni la kale, maana mengi ni ya kuigiza. Simama pembeni utazame taswira ya jengo la mbele kwenye kioo: cha kale huipinda na kuivunjavunja, cha kiwandani cha siku hizi huionyesha imenyooka.