Kompyuta ni nzima, kilichokwisha ni msaada

Ndugu, una haki ya kukasirika kuambiwa ununue kompyuta mpya wakati yako haina ubovu wowote. Kilichokwisha ni msaada wa Windows 10, ambao Microsoft iliusitisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, basi mashine nyingi nzima kabisa zimeachwa nje. Yako itaendelea kuwaka, ila usipojiandikisha kwenye mpango wa Microsoft wa masasisho ya usalama ya nyongeza, matundu mapya ya usalama hayatazibwa. Kwa mtu anayeingia benki kwa kompyuta hiyohiyo, hilo si dogo.

Kabla hujaitupa, jaribu Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows. Iweke kwenye flashi, washa kompyuta kutoka humo, uone kama Wi-Fi, sauti na printa vinakubali. Hakuna kinachofutwa kwenye kompyuta mpaka uamue kuisakinisha, na hapo nakili mafaili yako kwanza.

Simu ndizo zinaniuma zaidi. Watengenezaji wengi hufunga njia ya kuweka mfumo mwingine, na masasisho yakikoma mwenye simu hana pa kushika. Laiti sheria ingewalazimisha waifungue siku hiyohiyo.